Chunusi Hazitaki Haraka

Wahenga walinena kwamba uso umeumbwa na haya. Maana yao ni kuwa mtu akitazamana na mwenzake ana kwa ana, huona vigumu kumtendea neno baya. Lakini ipo haya nyingine inayoukaa uso, nayo ni ya kijana anayeuonea haya uso wake mwenyewe. Hutazama chini azungumzapo na watu, hujificha nyuma katika picha ya harusi, na akitumwa dukani huomba aende jioni, giza likiwa limekwisha kuingia. Mzazi humwona amebadilika, akadhani ni utovu wa adabu au kwamba amepata marafiki wabaya. Kumbe ni chunusi.

"Ni chunusi tu, zitakwisha." Hivyo ndivyo tusemavyo sisi wakubwa, tena kwa nia njema. Lakini maneno hayo hayamfariji kijana. Akiona kwamba nyumbani hapana anayeuhesabu mzigo wake kuwa mzigo, huupeleka kwingine, na huko kwingine wako wafanya biashara walio tayari kumpokea yeye pamoja na fedha zake.

Juma hili, ndugu msomaji, napenda tuzungumze juu ya dawa moja ya chunusi isiyouzwa kwa kelele, yaani jeli ambayo daktari huiandika katika cheti. Nitaeleza yaliyowapata watu watatu niwajuao vyema ambao wameitumia: binti wa kaka yangu aliyeko Msangeni, kijana mmoja fundi wa magari hapa Dar es Salaam, na mama mmoja jirani yangu. Majina yao nimeyaacha, kwa kuwa uso ni wa mtu mwenyewe.

CHUNUSI HUTOKA WAPI

Yafaa kwanza tujue tunapambana na kitu gani. Chini ya ngozi ya uso, ya kifua na ya mgongo kuna vifuko vidogo vinavyotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Mtoto anapobalehe, awe wa kike au wa kiume, mwili huanza kutoa homoni zinazovifanya vifuko hivyo vitoe mafuta mengi zaidi. Wakati huo huo chembe za ngozi zilizokufa, badala ya kupukutika kama kawaida, hugandamana na kuziba kitundu. Mafuta hujaa ndani. Vijidudu ambavyo kwa desturi hukaa katika ngozi ya kila mtu huzaliana humo, na mwili ukipambana navyo hutokea uvimbe, maumivu na usaha.

Jambo kubwa la kukumbuka ni kwamba kuziba huko huanza majuma kadhaa kabla jicho halijaona kitu. Chunusi inayokuudhi asubuhi ya leo ilianza safari yake zamani. Ndiyo sababu dawa ya kweli haiwezi kumaliza kazi kwa siku tatu, kwani hata ukianza kupaka leo, zipo nyingine chini ya ngozi zilizokwisha kuanza safari, nazo zitatokea tu.

Basi chunusi hazitokani na damu chafu, wala si alama ya tabia mbaya, wala haziponi kwa kuolewa. Msichana mwenye staha huzipata, na mvulana anayeoga mara tatu kwa siku huzipata. Vijana walio wengi hupitia humo, na wako watu wazima wenye miaka 30 na zaidi, hasa wanawake, ambao bado zinawasumbua.

KRIMU YA SIKU TANO

Msangeni iko Ugweno, katika Milima ya Upare ya Kaskazini, Wilaya ya Mwanga. Ni nchi ya baridi, yenye migomba na kahawa, na toka juu huko, ukungu ukifunguka, mtu huweza kuliona Ziwa Jipe limetandaa chini tambarare. Huko ndiko kaka yangu alikojenga, na huko ndiko binti yake asomako sekondari. Nilipokwenda likizo mwaka juzi nilimkuta akiwa kidato cha tatu, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hakuvua kanga kichwani muda wote tuliokula, akiivuta mbele hata ikafunika mashavu. Alikuwa ameacha kuimba kwaya, yeye ambaye sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiwaongoza wenziwe.

Wakati huo alikuwa amekwisha kusikiliza mashauri ya kila mpita njia. Mmoja alimwambia ajisugue kwa ndimu, mwingine apake dawa ya meno, na wa tatu anawe kwa sabuni ya kufulia asubuhi na jioni, kwa imani ile kwamba dawa ya moto ni moto. Ngozi ilikauka na kupasuka, chunusi zikabaki pale pale. Ndipo siku ya gulio akakutana na mchuuzi aliyemwahidi kwamba krimu yake itasafisha uso kwa siku tano. Binti akauza kuku wake mmoja, akainunua.

Na kweli, baada ya siku tano uso ulikuwa mororo kama wa mtoto mchanga, tena umetakata. Kila mtu alimsifu. Lakini ulipopita mwezi mmoja hivi, ikawa akikosa kuipaka siku mbili uso huwasha na kuwaka moto. Mwezi wa tatu vikatokea vipele vidogo vidogo, vyote vya namna moja, vikauzunguka mdomo na kidevu, na chunusi za zamani zikarudi zikiwa na nguvu maradufu. Hapo ndipo nilipomkuta.

Katika krimu za namna hiyo aghalabu huwamo steroidi kali. Dawa hizi ni za manufaa makubwa zikitumiwa na daktari kwa maradhi yake, lakini zikipakwa usoni bila kipimo huzima uvimbe kwa siku chache tu, kisha huifanya ngozi kuwa nyembamba, huleta chunusi mpya, na humfanya mtu awe mtumwa wake, kwani kila akiacha uso huumuka. Nyingine huchanganywa na haidrokwinoni, ambayo matumizi yake ya muda mrefu huweza kuacha madoa meusi yasiyofutika, au zebaki, ambayo hupenya mwilini na kudhuru figo. Huo ndio mkorogo tunaoujua. Serikali ya Tanzania imekwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivyo, lakini biashara yake ingali inaendelea gizani.

Msomaji aangalie jinsi njia hii inavyoteleza. Binti huyu hakutaka kuwa mweupe. Alitaka tu kuondokana na chunusi. Lakini chunusi huacha alama nyeusi katika ngozi yetu, na anayetaka kuondoa alama upesi huuziwa kitu cha kuondoa rangi. Wengi walioanza mkorogo waliingilia mlango huo.

KWA DAKTARI WA NGOZI

Aliyevunja ukimya alikuwa bibi yake. Siku moja asubuhi alimvua kanga mjukuu wake, akautazama uso ule kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mjukuu wangu, kahawa ikiugua hatuipaki rangi majani. Vaa viatu." Wakaenda zahanati, na mganga wa pale, alipoona kwamba jambo limezidi uwezo wake, akawaandikia barua ya kwenda Moshi.

Wananchi wengi hawafahamu kwamba mji wa Moshi una mahali penye sifa kubwa katika Afrika kwa elimu ya maradhi ya ngozi. Katika Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, kulianzishwa mwaka 1992 Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, ambacho kimefundisha waganga kutoka nchi nyingi za bara hili. Kwa mtu wa Ugweno si mwisho wa dunia. Huteremka mlimani kwa gari hadi Mwanga, kisha huchukua basi katika barabara kuu ya kwenda Moshi, na jioni huweza kulala kwake.

Bibi alinieleza kwamba daktari hakuanza na dawa, alianza na maswali. Aliuliza binti anapaka nini usoni, nini kwenye nywele, anameza vidonge gani, zilianza lini. Akataka aione tyubu ya krimu. Kisha akamwomba bibi atoke nje kidogo, amwulize binti mambo mengine akiwa peke yake. Bibi hakukasirika. Aliniambia, "Mtoto ana haki ya kuwa na neno lake na daktari."

Amri ya kwanza ilikuwa kuiacha ile krimu kabisa. Daktari alimwonya mapema kwamba kwa majuma kadhaa uso ungeumuka, na kwamba kuumuka huko si ugonjwa mpya, ni deni linalolipwa. Ngozi ilipotulia, ndipo alipomwandikia jeli ya adapalini, nguvu asilimia 0.1.

Adapalini ni ndugu wa vitamini A. Jamaa hii ya dawa si ngeni. Mkubwa wao, tretinoini, iliidhinishwa Marekani kwa kutibu chunusi mwaka 1971, na adapalini yenyewe mwaka 1996. Mwaka 2016 nchi hiyo iliruhusu jeli ya adapalini ya asilimia 0.1 iuzwe hata bila cheti. Nayasema haya ili mzazi asiogope kwamba mwanawe anafanyiwa majaribio. Kazi yake ni kuzuia zile chembe zilizokufa zisigandamane na kuziba vitundu. Kwa maneno mengine, haipigani na chunusi unayoiona tu. Hufunga mlango wa zile ambazo bado hazijazaliwa.

Masharti aliyopewa binti yalikuwa haya. Anawe uso jioni kwa sabuni laini, bila kusugua. Asubiri ukauke kabisa, kama dakika 20. Achukue jeli kiasi cha punje moja ya njegere, aitandaze uso mzima mahali panapotoka chunusi, si kudonoa kipele kimoja kimoja. Aepuke macho, midomo na pembe za pua. Apake usiku mmoja na kuacha mmoja kwa majuma ya mwanzo, ndipo afuate kila usiku kama ngozi inakubali. Asubuhi apake mafuta mepesi yasiyoziba ngozi, na ajikinge na jua, kwa kuwa ngozi inayotumia dawa hii huungua upesi. Asiziminye chunusi. Na asihukumu dawa kabla ya majuma 12 kutimia.

DAFTARI LA MAJUMA

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Nilimshauri binti achukue daftari la shule, na kila Jumapili asubuhi ahesabu chunusi zake mbele ya kioo, aandike idadi na neno moja au mawili. Daftari hilo ninalo mbele yangu ninapoandika, kwa ruhusa yake.

Jumapili ya kwanza ameandika 34. Juma la kwanza halikuwa na jambo, ila ngozi ilivuta "kama ngoma iliyowambwa juani." Juma la pili uso ulianza kuchubuka pembeni mwa mdomo, na maji ya kunawa yakawasha. Juma la tatu ameandika 41, na chini yake maneno haya: "Dawa inanimaliza."

Siku hiyo jirani mmoja waliyekutana bombani alikuwa amemwambia mbele za watu, "Mwanangu, umejichoma na nini?" Binti alirudi nyumbani akilia, akaanza kuitafuta ile tyubu ya krimu ya siku tano katika kila kona ya nyumba. Bibi alikuwa ameketi jikoni akichambua maharage ya makande. Akamwambia bila kuinua kichwa, "Nimeitupa chooni. Kama waitaka, kaifuate."

Usiku ule alinipigia simu. "Shangazi, dawa hii inaniharibu. Afadhali ile ya kwanza." Nikamwuliza, "Mwanangu, daktari alisemaje kuhusu juma la tatu?" Akanyamaza. Kisha nikasikia karatasi zikifunuliwa. Alikuwa ameyaandika mwenyewe katika ukurasa wa kwanza wa daftari: majuma mawili hadi manne ya mwanzo ngozi itakauka na kuchubuka, na huenda chunusi zikaonekana kuongezeka, kisha itatulia, ikizidi, punguza usiku wa kupaka, wala usiache. Akapunguza, akawa anapaka mara mbili kwa juma kwa muda wa siku kumi, akiongeza mafuta mepesi kabla ya dawa.

Bibi naye alikuwa na somo lake. Upare tuna ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya mfereji. Maji huachwa yajae usiku kucha, na asubuhi mwenye zamu hufungua akamwagilia shamba lake. "Anayefungua ndiva usiku wa manane," alimwambia mjukuu wake, "hupata tope, na asubuhi hana maji." Nilipoyasikia maneno hayo kwenye simu nilijua kwamba binti yuko katika mikono salama kuliko ya kwangu.

Juma la sita daftari linasema 22, na pembeni: "Kipaji hakuna mpya." Juma la tisa, 15. Juma la kumi na mbili, 7, tena ndogo. Hapana neno la furaha lililoandikwa Jumapili ile. Ameandika tu: "Nimekwenda kwaya."

Nisimdanganye msomaji kwamba uso ulikuwa kama haujapata kuugua. Alama nyeusi zilibaki, na nyingine zingalipo. Daktari alimweleza kwamba alama hizo si makovu. Ni rangi iliyobaki baada ya uvimbe, nayo hufifia yenyewe kwa muda wa miezi mingi mradi chunusi mpya zisitokee na jua lisiunguze. Jeli ile ile husaidia kidogo kidogo. Tena alimwonya asiache dawa kwa kuwa uso umepona, bali aendelee kwa kupunguza kama atakavyoelekezwa. Chunusi ni kama magugu, hazing'olewi mara moja kwa milele.

KOLA ILIYOPAUKA

Mtu wangu wa pili ni fundi wa magari, kijana wa miaka 24. Yeye alikuwa akijinunulia dawa ya maji ya klindamaisini katika duka fulani bila cheti, akiipaka peke yake miezi na miezi. Mwanzoni ilimsaidia, baadaye ikawa kama maji. Daktari alimweleza kwamba klindamaisini ni dawa ya kuua vijidudu, na vijidudu vikiizoea, hushindwa. Ndiyo sababu haipasi kutumiwa peke yake, bali pamoja na benzoili peroksaidi, ambayo vijidudu havijui kuizoea.

Akaandikiwa jeli ya benzoili peroksaidi. Ilimfaa, lakini ilimletea kesi ya nyumbani. Dawa hii hupausha nguo. Kola ya shati lake la Jumapili iligeuka rangi, foronya ikapata mabaka, na kanga mpya ya mkewe, aliyojifutia uso asubuhi moja, ikapauka katikati ya ua. Mkewe alidhani ametumia mkorogo kwa siri. Ilibidi alete boksi la dawa na kumsomea maelezo yake. Basi anayetumia jeli hii atenge taulo jeupe na foronya nyeupe, anawe mikono baada ya kupaka, na aache ikauke kabla ya kuvaa. Wala asidhani kwamba yenye nguvu zaidi ndiyo bora: majaribio ya waganga yameonyesha kuwa jeli ya asilimia 2.5 hufanya kazi sawa na ya asilimia 10, bila kuunguza sana.

Mambo mengine mawili aliyoambiwa yanawahusu wafanyakazi wengi. Kwanza, vipele vya kidevuni mwake havikuwa chunusi. Vilikuwa vipele vya ndevu, vinavyotokana na nywele iliyonyolewa karibu mno kujipinda na kurudi ndani ya ngozi, na tiba yake ya kwanza ni kubadili namna ya kunyoa. Pili, vile vya mapajani na mikononi vilitokana na ovaroli iliyolowa oili chafu. Mafuta ya mitambo huziba vitundu kama yazibavyo mafuta mazito ya nywele kwenye paji la uso. Ovaroli ifuliwe, na mtu aoge atokapo kazini kabla ya kukaa barazani.

TAHADHARI KWA AKINA MAMA

Wa tatu ni jirani yangu, mama wa miaka 32, ambaye alipewa tyubu ya adapalini na dada yake. "Imenifaa mimi, itakufaa na wewe," dada alimwambia. Ilimfaa, naam. Lakini mwezi wa pili akagundua kwamba ni mjamzito. Hofu iliyomshika siku ile siwezi kuieleza. Alikwenda kliniki, akaelezwa kwamba dawa inayopenya mwilini kutoka katika jeli ni kidogo sana na kwamba asikae na wasiwasi, lakini aiache mara moja, kwani dawa za jamaa ya vitamini A haziruhusiwi kwa mjamzito. Akapewa nyingine inayofaa. Mtoto alizaliwa mzima, sasa anatambaa.

Iko pia dawa ya vidonge ya jamaa hiyo hiyo, iitwayo isotretinoini, ambayo madaktari bingwa huwapa wenye chunusi kubwa sana. Hiyo si ya mchezo. Humharibu mtoto aliye tumboni vibaya mno, na mwanamke haipati ila kwa uangalizi mkali wa daktari. Hapo ndipo inapoonekana maana ya cheti. Cheti si urasimu wa kumchelewesha mgonjwa. Ni maswali ambayo mtu mwenye elimu ameyauliza kabla dawa haijaingia mkononi mwako, na dada, hata awe na upendo kiasi gani, hayajui maswali hayo.

JAMAA WAFANYE NINI

Ndugu msomaji, ukiniuliza ni kitu gani kilichomponya binti wa Msangeni, sitataja jeli peke yake. Jeli ile ile ingalikuwa mikononi mwa kijana asiye na mtu, ingalitupwa juma la tatu, na krimu ya mchuuzi ingalirudi. Kilichomponya ni jeli pamoja na majuma 12, na majuma hayo yalilindwa na watu wa nyumbani.

Kwa hiyo mzazi anayemwona mwanawe akificha uso asiseme ni chunusi tu. Aulize kwa upole, bila kumhoji kama polisi, anapaka nini. Akikuta krimu isiyo na maelezo yanayoeleweka, au inayoahidi kutakatisha kwa siku chache, amsaidie kwenda zahanati, kwani kuiacha ghafla bila mashauri kunaweza kumtesa. Chunusi chache ndogo zaweza kungoja. Lakini kama ni mavimbe makubwa ya ndani yenye kuuma, yasingojwe, kwa kuwa hayo huacha makovu ya maisha.

Gharama nayo tuikabili. Dawa hizi si rahisi kwa mfuko wa mfanyakazi, wala hazipatikani katika kila duka la dawa vijijini. Lakini tukumbuke kwamba tyubu ya gramu 30, ikitumiwa kwa kipimo cha njegere, huweza kufika miezi miwili au zaidi. Tukijumlisha ndimu, dawa za meno, sabuni na krimu ambazo binti yule alizinunua kabla yake, pamoja na kuku aliyeuzwa, utaona kwamba haraka ndiyo iliyokuwa ghali.

Hatimaye, tulinde ndimi zetu. Yule jirani wa bombani hakuwa na nia mbaya, lakini neno lake moja lilikaribia kuangusha kazi ya majuma matatu. Kijana anayetibiwa uso anajitazama katika kioo mara kumi kwa siku. Hahitaji kioo cha kumi na moja.

Juma lijalo tutazungumza juu ya mafuta ya nywele, na jinsi yanavyowadhuru watoto wadogo yakipakwa bila kiasi. Mpaka hapo, nawatakia Jumapili njema.